Feza ya sendika ya walimu: inatoka wapi, nani anaichunga, na siasa inaingilia wapi

Mu muji wa Likasi, sawa mu miji mingine ya Haut-Katanga, mwalimu akisema neno juu ya mushahara wake, mara nyingi neno la pili linakuwa juu ya sendika. Wengine wanasema kama bila sendika mushahara ungebaki chini zaidi. Wengine wanasema kama sendika inakula tu. Wazazi nao wanaingia mu mazungumuzo, sababu mugomo ukianza, ni watoto wao wenye kubaki ku nyumba.

Habari hii haitafuti kusema nani ni mubaya na nani ni muzuri. Inapanga mambo yenye kila mwalimu na kila muzazi wa Kikula, Panda, Shituru ao Likasi-katikati anapaswa kujua: sendika ni nini mbele ya sheria, feza yake inatoka wapi, wakubwa wake wanachaguliwa namna gani, na nini inafanyika wakati mukubwa wa sendika anaingia mu siasa. Kwa mambo ya mwisho hayo, majirani wa Kenya na Tanzania wana mifano mikubwa, yenye inajulikana mbele ya watu wote.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inazungumuzia sendika mu kipengele cha 38: kila Mukongomani ana haki ya kuanzisha sendika ao kuingia mu sendika kwa kupenda kwake. Kipengele cha 39 kinalinda haki ya kugoma. Maana yake ni mbili. Hakuna mutu anaweza kumukataza mwalimu kuingia mu sendika. Tena hakuna mutu anaweza kumulazimisha kuingia.

Sheria ya kazi ya mwezi wa kumi 2002, yenye wengi wanaita Code du travail, inaonyesha kazi ya sendika: kujifunza, kulinda na kuendelesha faida za kazi za wanamemba, na maendeleo yao mu maisha, mu uchumi na mu mwenendo. Kuna neno moja pale lenye uzito: kazi hiyo ni hiyo tu, si ingine. Sendika haiko chama cha siasa, haiko duka, haiko mali ya mutu mumoja.

Kongo pia ilitia sahihi ku mikataba miwili mikubwa ya Shirika la Kazi la dunia (OIT). Ule wa 98, juu ya haki ya kujadiliana, ilikubali mu 1969. Ule wa 87, juu ya uhuru wa sendika, ilikubali mu 2001. Mukataba wa 87 unasema kama sendika inajiandikia statuti zake yenyewe, inajichagulia wakubwa wake, na inajipangia kazi na feza yake, bila serikali kuingiza mukono.

Hapa watu wengi hawafikiri mbali. Kama serikali haina ruhusa ya kuingilia hesabu za sendika kila siku, basi ni nani anabaki kuchunga? Anabaki mwanamemba. Uhuru wa sendika ni kitu kizuri, lakini ni uhuru wenye unaomba macho ya wenye kulipa. Mwanamemba akilala, hakuna mwingine wa kuamuka pahali pake.

HISTORIA KWA KIFUPI

Mu inchi ya shaba, habari ya wafanyakazi ni ya zamani. Mu mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma mu Lubumbashi, yenye iliitwa Élisabethville, na hapa Likasi, yenye iliitwa Jadotville. Waliomba mushahara, sababu bei za vitu zilipanda juu ya vita ya dunia. Tarehe 9 ya mwezi ule, maaskari walipiga risasi wagomaji wa Lubumbashi na kuua wengi. Wakati ule, mutu mweusi hakukuwa na haki ya sendika. Ruhusa ya kwanza ilikuja mu 1946, tena na masharti mengi.

Kisha uhuru, sendika zikawa nyingi. Lakini mu mwezi wa sita 1967, chini ya utawala wa Mobutu, sendika kubwa tatu ziliunganishwa kuwa moja: UNTC, yenye ilikuja kuitwa UNTZa wakati inchi ilibadilishwa jina kuwa Zaire. Tangu pale mufanyakazi hakukuwa tena na sendika ingine ya kuchagua. Na sendika ile ilikuwa mukono mumoja wa chama cha serikali, MPR.

Mufano wa André Bo-Boliko unaonyesha vizuri mambo ya wakati ule. Alikuwa mukubwa wa UNTC tangu 1967. Mu 1970 akawa prezidenti wa bunge, na mu 1979 akawa Commissaire wa Kwanza, ni kusema mukubwa wa serikali. Mutu mumoja akawa musemaji wa wafanyakazi, kisha mukubwa wa wenye kutunga sheria, kisha mukubwa wa wenye kulipa mishahara. Mufanyakazi mwenye alitaka kulalamika juu ya serikali, alipaswa kupitia kwa watu wenye walikaa mu serikali ile ile.

Tarehe 24 mwezi wa ine 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mulango ukafunguka pia kwa sendika. Pale njo zilizaliwa ao zilipata nguvu sendika zenye walimu wanajua leo.

SENDIKA ZA WALIMU ZA LEO

Zenye zinasikika zaidi ni tatu. SYECO ni Syndicat des enseignants du Congo. SYNECATH ni sendika ya walimu wa masomo ya Kanisa Katolika. FENECO ni tawi la walimu mu UNTC, ile sendika ya zamani yenye ingali inafanya kazi. Kuna pia zingine ndogo ndogo, na kila mwaka majina mapya yanatokea.

Kama zimegawanyika hivi, ni juu ya namna masomo yenyewe yamepangwa. Tangu mukataba wa mwezi wa pili 1977 kati ya serikali na makanisa, masomo mengi ya serikali yanasimamiwa na makanisa: Wakatolika, Waprotestanti, Wakimbangu, kisha Waislamu. Mwalimu analipwa na serikali, lakini mukubwa wake wa kila siku anatoka ku kanisa. Ku Likasi mutu anajua hiyo bila kufundishwa: masomo mbili zinaweza kuwa barabara moja, mushahara unatoka pahali pamoja, lakini siku ya mugomo moja inafungwa na ingine inafunguliwa.

Wingi wa sendika una faida yake: mwalimu anaweza kuchagua. Una hasara pia. Serikali ikiita sendika ku meza, kila moja inasema ina wanamemba wengi. Bila listi safi ya wanamemba, yenye kulipa kweli, mutu hajui nani anasema kwa jina la nani.

FEZA INATOKA WAPI

Feza ya sendika ina njia tatu kubwa.

Ya kwanza ni mchango wa mwanamemba, wenye watu wanaita cotisation. Zamani ililipwa mukononi: siku ya mushahara, direktere ao delege wa sendika alikuwa anakata pale pale ku meza. Kisha, tangu 2011, serikali ilianza kupitisha mishahara ku banki, na mu vijiji vingi ku Caritas. Pale mambo yakabadilika. Mchango unaokatwa juu, mbele feza haijafika ku konti ya mwalimu, ni rahisi kwa sendika, lakini kwa mwalimu ni vigumu kuuona. Anaona tu kama feza imepunguka.

Ya pili ni misaada: kutoka sendika za Ulaya na Amerika, ao mashirika ya dunia. Mara nyingi inakuja kwa mafunzo na semina.

Ya tatu ni mali ya sendika yenyewe: nyumba ya kupangisha, kooperative, ao mutuelle.

Ku Kongo, makato yote yanapitia ku listi ya mishahara. Kwa miaka mingi listi hiyo ilichungwa na SECOPE, yenye leo jina lake ni DINACOPE. Mu 2020, wakaguzi wa feza wa serikali (IGF) walitoa ripoti juu ya listi hiyo: walikuta masomo ya uongo na walimu wa uongo wenye walikuwa wanapokea mushahara. Njo maana kila mazungumuzo juu ya makato lazima yaanze na listi. Pahali listi haiko safi, hakuna mutu anaweza kuhakikisha hesabu ya wanamemba, wala hesabu ya michango.

Hesabu ya mufano inasaidia kuelewa ukubwa wa jambo. Tuseme mwalimu anapokea franka 300.000, na sendika inakata 1 kwa mia. Hiyo ni franka 3.000 kwa mwezi. Mutu anaweza kusema ni kidogo, haifiki bei ya kitenge. Lakini walimu 1.000 wakikatwa hivyo, ni franka 3.000.000 kila mwezi, na 36.000.000 kwa mwaka. Sasa tuseme statuti zinagawanya hivi: 60 kwa mia ku Kinshasa, 25 kwa mia ku jimbo, 15 kwa mia ku muji. Kinshasa itapata 21.600.000, jimbo 9.000.000, na muji 5.400.000. Hesabu hii ni ya mufano tu, lakini maswali yake ni ya kweli: statuti za sendika yako zinagawanya namna gani? Na ile sehemu ya muji, inafika?

FEZA YA WAZAZI NA KIVULI CHAKE

Mu Kongo, huwezi kuzungumuza feza ya walimu bila kuzungumuza feza ya wazazi. Ku mwanzo wa miaka ya 1990, mishahara ya serikali iliharibika kabisa. Feza ya Zaire ilianguka, walimu wakagoma, watoto wakabaki ku nyumba. Ili masomo yafunguliwe, wazazi na Kanisa Katolika walikubali kumuongezea mwalimu kitu kidogo: prime de motivation. Walisema ni ya muda tu. Ilibaki zaidi ya miaka makumi mbili.

Feza ile haikubaki yote kwa mwalimu. Sehemu ilipanda ngazi: biro za usimamizi, biro za kanisa, biro za serikali. Kila ngazi ilikuwa na sehemu yake. Muzazi alilipa, lakini hakuona karatasi yenye kuonyesha mugawanyo wote.

Mu mwezi wa tisa 2019, serikali ya Félix Tshisekedi ilianza kutimiza kipengele cha 43 cha Katiba: masomo ya msingi ni bure. Wazazi wengi walifurahi, na watoto wengi wenye walikuwa ku nyumba waliingia mu darasa. Lakini mu miji mikubwa, kuna walimu wenye prime ya wazazi ilikuwa kubwa kupita mushahara wa serikali. Wao walipoteza. Na walimu wenye hawajaingia ku listi ya mishahara, wenye wanaitwa nouvelles unités ao NU, walibaki bila wazazi na bila serikali.

Hapa kazi ya sendika ilibadilika. Zamani kilio cha mwalimu kiligawanyika kati ya wazazi na serikali. Leo, kwa masomo ya msingi, kinaenda moja kwa moja ku serikali. Mwenye anakaa ku meza na serikali amekuwa na nguvu zaidi, na kishawishi chake pia kimekuwa kikubwa zaidi.

MIGOMO NA MAKUBALIANO

Jina lenye linarudia kila mara ni M'Budi. Mu mwezi wa pili 2004, serikali na sendika za watumishi wa serikali walikutana M'Budi, pembeni ya Kinshasa, wakakubaliana juu ya ngazi za mishahara. Mutumishi wa chini kabisa, huissier, angepata dola 208. Makubaliano yale hayakutimizwa sawa yalivyoandikwa, na tangu pale kila mugomo unayakumbusha.

Mu mwezi wa kumi 2021, mwaka wa masomo ulianza na mugomo. Mazungumuzo yakafanyika Bibwa, Kinshasa pia. Kuna walimu wenye walirudi mu darasa, na wengine walisema wakubwa wametia sahihi mbele ya kuwauliza. Mu mwezi wa tisa 2024, mugomo mwingine ukasikika mu majimbo mengi, hata huku Katanga na Kivu. Walimu waliomba mushahara wa dola 500.

Kila mara swali ni moja: wakubwa wenye kwenda kuzungumuza Kinshasa, nani aliwatuma na nani analipa safari yao? Kama ni sendika, ni feza ya wanamemba, na wanamemba wana haki ya kuona matumizi. Kama ni serikali yenye inalipa hoteli na chakula, wanamemba wana haki ya kujua hiyo pia. Haimaanishi kama mutu amenunuliwa. Lakini jambo lenye linafichwa ndilo lenye kuzaa mashaka, na mashaka yanavunja mugomo kuliko maaskari.

MUFANO WA KENYA: KNUT

Sendika ya walimu ya Kenya, KNUT, ilianzishwa mu mwezi wa kumi na mbili 1957. Kwa miaka mingi ilikuwa sendika yenye nguvu kuliko zote za inchi ile. Mu 1997, chini ya sekretere mukubwa Ambrose Adongo, mugomo wake ulilazimisha serikali kukubali kuongeza mishahara zaidi ya mara mbili, kwa kugawanya mu miaka mitano. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi, na wakati huo haukuchaguliwa bure.

Nguvu ya KNUT ilitoka ku feza. Mwanamemba anakatwa 2 kwa mia ya mushahara wa musingi. Anayekata ni TSC, tume ya serikali yenye inaajiri walimu, na kisha inatuma feza ku sendika. Kwa muda murefu hakuna mutu aliona hatari mu mupango huo.

Mu 2017, sekretere mukubwa Wilson Sossion aliteuliwa na chama cha ODM, chama cha upinzani, kuwa mubunge. Akabaki pia mu kiti cha sendika. Wengine walisema ni vizuri, sauti ya mwalimu imeingia mu bunge. Wengine walisema mutu hawezi kuvaa kofia mbili: akizungumuza, serikali itasikia mwalimu ao itasikia mupinzani?

Wakati ule ule kulikuwa na mukataba wa mishahara wa miaka 2017 mpaka 2021, wa shilingi miliari 54. KNUT na TSC waligombana juu ya namna ya kupandisha walimu cheo, na KNUT ikaenda mbele ya tribinali. Kisha hukumu ya mwezi wa saba 2019, TSC ikasema nyongeza zenye zilibaki hazitaenda kwa wanamemba wa KNUT. Mwalimu wa kawaida akafanya hesabu yake: kubaki mu sendika ni kupoteza nyongeza. Wakatoka kwa maelfu.

Ku katikati ya 2019, KNUT ilikuwa na wanamemba zaidi ya 180.000. Mbele ya 2021 kuisha walikuwa chini ya 30.000. Ukifanya hesabu, hata sehemu moja ya sita haikubaki, na feza ya kila mwezi ilianguka namna ile ile. Sendika ikashindwa kulipa watumishi wake sawa zamani. Mu mwezi wa munane 2019, sehemu ya wakubwa ilijaribu kumutoa Sossion, na jambo likafika mbele ya tribinali. Tarehe 25 mwezi wa sita 2021, siku moja mbele ya uchaguzi wa sendika, akajiuzulu mwenyewe. Collins Oyuu akachaguliwa pahali pake, akatafuta mapatano na TSC, na wanamemba wakaanza kurudi. Kisha Sossion akaingia mu chama cha UDA cha William Ruto.

Masomo ya Kenya ni mawili. La kwanza: kama feza yote ya sendika inapitia mukononi mwa mwajiri, mwajiri anaweza kufunga bomba. La pili: mukubwa wa sendika akiwa pia mutu wa chama, kila vita ya mishahara inageuka vita ya siasa, na wenye kulipa bei ni wale wa mu darasa.

MUFANO WA TANZANIA: CWT

Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilianzishwa mu 1993. Nacho kinakata 2 kwa mia. Kwa hiyo feza kimejenga Mwalimu House, nyumba kubwa ya Ilala mu Dar es Salaam, na mu 2015 hisa za Benki ya Walimu ziliuzwa kwa watu na kuingia mu soko la hisa.

Mu mwezi wa munane 2012, tribinali ya kazi ilisimamisha mugomo wa CWT. Walimu wengi tangu pale wanauliza swali lenye kufanana na la Kongo: nyumba iko, banki iko, lakini mimi mwenye kukatwa kila mwezi, napata nini? Wenye kutetea chama wanajibu kama mali inaipa sendika musingi, haitategemea mutu. Wote wana sababu. Mali ya sendika ni nzuri kama mwanamemba anaona hesabu yake kila mwaka, na anajua faida inaenda wapi.

Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 ina jambo lenye kufaa kufikiria. Pahali sendika ina wingi wa wafanyakazi, inaweza kupatana na mwajiri ili hata asiye mwanamemba akatwe, sababu naye anafaidika na mapatano. Lakini feza hiyo lazima iwekwe mu konti ya pekee, na itumiwe tu kwa kulinda faida za wafanyakazi wa pahali pale.

SIASA: NI WAPI MUPAKA

Kusema ukweli, sendika ya walimu haiwezi kukaa mbali kabisa na siasa. Mushahara wa mwalimu unaandikwa mu bajeti ya serikali, na bajeti inapigiwa kura na wabunge. Sendika yenye kuandikia wabunge barua, yenye kwenda kuwaona, yenye kuita wanahabari, inafanya kazi yake.

Mupaka ni pahali pengine. Unavukwa wakati feza ya wanamemba inanunua tishirti za kampeni ya mutu. Unavukwa wakati gari ya sendika inabeba watu ku mukutano wa chama. Unavukwa wakati barua ya kumuunga mukono mugombea inatoka na jina la walimu wote, na hakuna mwalimu aliulizwa.

Mu Uingereza jambo hili lilipewa sheria tangu 1913. Sendika yenye kutaka kutumia feza mu siasa lazima iwe na mufuko wa pekee wa siasa. Wanamemba wanapiga kura kwanza kama wanautaka mufuko huo, na mwenye hataki kuchangia ana haki ya kukataa bila kufukuzwa mu sendika. Wazo lake ni rahisi, hata kwa komite ndogo ya muji: feza ya kazi na feza ya siasa zisilale mu kisanduku kimoja.

MASWALI YENYE MWANAMEMBA ANAWEZA KUULIZA

Mwalimu haombi huruma akiuliza. Anauliza juu ya feza yake. Maswali haya yanafaa ku kila sendika:

1. Statuti ziko wapi, na naweza kupata nakala?
2. Nilisaini karatasi ya kukubali kukatwa? Kama sikusaini, nani alisaini?
3. Ninakatwa kiasi gani, na ku bulteni ya mushahara kimeandikwa kwa jina gani?
4. Tuko wanamemba wangapi wenye kulipa mu muji huu?
5. Sehemu gani inabaki mu muji, na konti ya banki inafunguliwa kwa sahihi za watu wangapi?
6. Hesabu za mwaka uliopita zilisomwa mbele ya nani, na nani alizikagua?
7. Uchaguzi wa mwisho wa wakubwa ulifanyika mwaka gani, na ujao ni lini?
8. Mukubwa akitaka kugombea ubunge ao cheo cha serikali, statuti zinamuomba kuacha kiti cha sendika?

Ni vizuri kuuliza kwa maandishi, na walimu wengi pamoja. Barua ya mutu mumoja inapotea kwa urahisi. Barua yenye sahihi za walimu wa masomo kumi, yenye kupokelewa na kutiwa kashe, inakuwa ngumu kupoteza. Na kama jibu ni baya ao halikuja, mwalimu ana haki ya kuandika barua ya kutoka mu sendika, na kupeleka nakala ku biro yenye kupanga mishahara ili makato yasimame.

MANENO YA KUJUA

Cotisation: mchango wa mwanamemba kwa sendika.
Delege: mutu mwenye walimu wa masomo moja wamechagua ili awasemee.
DINACOPE: biro ya serikali yenye kupanga listi ya mishahara ya walimu, pahali pa SECOPE ya zamani.
NU: mwalimu mwenye anafundisha lakini hajaanza kulipwa na serikali.
Statuti: sheria za ndani za sendika. Zinasema namna ya kuchagua, kukata, kutumia na kufukuza.

Wazazi nao wana sehemu mu jambo hili. Sendika yenye hesabu safi inaweza kugoma kwa siku chache na kusikilizwa, sababu serikali inajua wanamemba wako nyuma yake. Sendika yenye hesabu za giza inagoma kwa miezi, inagawanyika katikati, na mutoto wa Likasi anapoteza nusu ya mwaka bila mwalimu kupata kitu. Kwa hiyo muzazi mwenye kumuuliza mwalimu wa mutoto wake, "Hesabu zenu zilisomwa lini?", analinda darasa la mutoto wake.